Ramani Tupu

Mto Nyamwamba ulifurika hapa Uganda, wilayani Kasese, mwaka 2013, ukafurika tena mwaka 2020. Kwa hiyo tulipopewa zoezi la ramani, mimi na wenzangu wawili tulichagua nyumba zilizo kandokando yake. Tulitembea siku mbili na kifaa cha GPS, tukaweka alama kwenye nyumba 64.

Tuliporudi chuoni nilihamishia alama hizo kwenye kompyuta ya maabara, nikazifungua kwa programu ya QGIS, nikazipaka rangi, nikahifadhi. Nilinakili faili ya mradi kwenye flashi, kisha nikafuta alama zote kifaani, kwa kuwa kundi jingine lilikingoja.

Siku ya kuwasilisha, ramani ilifunguka tupu. Sikujua kwamba faili ya mradi haibebi alama zenyewe. Hubeba rangi na maelekezo ya folda zilimo alama tu. Folda yetu ilibaki maabara, na kompyuta za huko zilikuwa zimekwisha kusafishwa.

Tulirudi Kasese. Bibi mmoja alituuliza, "Wajukuu zangu, si mlikwisha kutuandika? Tumepotelea wapi?" Nilikosa jibu.

Siku hizi faili za GPX na faili ya mradi naziweka katika folda moja, naihifadhi folda nzima mahali pawili, ndipo nafuta kifaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Nilichoacha nyuma ni mali.