Haraka Yangu na Seva ya Ibra

Ndugu zangu mlio ughaibuni, kiangazi cha 2022 nilikuwa Ibra, Oman, nikifanya mafunzo kwa vitendo katika kampuni ndogo ya vipuri yenye matawi Sur na Nizwa. Bosi, niliyemwita Ami, kazaliwa Unguja akahamia huko miaka ya 1970, na Kiswahili chake ni cha Mji Mkongwe kabisa. Aliniamini, seva akaniachia mimi.

Asubuhi moja umeme ukakatika. Uliporudi, PostgreSQL, programu inayotunza databesi yao, ikawaka lakini haifunguki. Kila anayejaribu kuingia anajibiwa kwamba databesi ndiyo kwanza inaanza. Sur wanapiga simu, Nizwa wanapiga simu. Nikangoja dakika kumi, nikaiua kwa kill -9, nikaiwasha upya. Kimya. Nikaiua tena. Mara ya tatu Ami kasimama mlangoni: "Mwanangu, mashine imekufa? Niagize nyengine Maskati?"

Kidogo niseme ndiyo. Lawama ingebebwa na mashine, mimi nikapona. Nikamwomba nusu saa.

Nikafungua strace. Kwa asiyeijua: programu haigusi diski yenyewe, huiomba keneli, na strace hukuonyesha kila ombi, ukiongeza -T, hukuonyesha na muda uliotumika. Nikaielekeza kwenye mchakato ulioandikwa "startup". Jamani, hakuna kilichokwama! Mistari inateremka kama mvua ya masika: openat, fsync, close, openat, fsync, close. Kila mara faili jingine. Fsync ni kuhakikisha data imeandikwa diskini kwelikweli, na diski yetu ilikuwa ile ya kuzunguka, nzito. Nikahesabu mafaili: zaidi ya laki mbili! Programu ya mauzo ilikuwa inaunda majedwali mapya kila siku kwa kila tawi, na hakuna aliyeyafuta.

Nikasoma maelezo. Tangu matoleo ya 2015, PostgreSQL ikizimika vibaya, ikiamka huyapitia mafaili yote namna hiyo kabla ya kuanza kujirekebisha. Na kill -9 nako ni kuizima vibaya. Maana yake kila nilipoiua, niliirudisha kwenye faili la kwanza.

Nikamwendea. "Ami, mashine nzima. Anayeichelewesha ni mimi." Nikamweleza yote.

Akanyamaza kidogo. "Basi iache imalize. Njoo unywe kahawa."

Tulikunywa kahawa na tende, macho yangu saani. Baada ya dakika arubaini hivi, Sur wakapiga: imefunguka.

Baadaye tuliyahamisha majedwali ya zamani, tukafunga betri ya akiba, tukahamia toleo la 14, lililotoka 2021. Humo kuna recovery_init_sync_method. Ukiiweka syncfs, Linux huombwa mara moja kwa mfumo mzima wa mafaili badala ya faili moja moja.

Nawe ikikukuta, iangalie kwanza inafanya nini. Ndipo uamue kuiua.