Mbwa wa Theluji na Wapiga Kafi wa Uvira

Asiyepata kusimama Kalundu alfajiri, hajaiona Uvira. Nyuma yake milima imesimama kama ukuta; mbele yake ziwa limetandaa, na ng'ambo taa za Bujumbura zafifia. Ingawa siku hizi vyombo vingi vina mashine, mitumbwi ya kafi ingalipo, nayo hurudi saa hiyo na ndagala, wavuvi wameinama kwa uchovu wa usiku kucha.

Asubuhi moja nilikuwa pale na wanafunzi. Mmoja aliniuliza habari za mbwa aliowasoma kitabuni, wale wavutao magari yasiyo na magurudumu juu ya theluji.

"Mwalimu, ni kweli hawachoki?"

Huchoka, nikamjibu, ila wamezoezwa kuvumilia. Mwaka 1925 mji wa Nome, katika Alaska, ulipatwa na dondakoo, ugonjwa uwazibao watoto koo. Dawa ilikuwa mbali, na barafu ilizuia meli. Basi waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 wakapokezana njia ya kilomita 1,085 kwa siku tano na nusu, na dawa ikafika. Mbwa Togo ndiye aliyeongoza sehemu iliyo ndefu na ya hatari kuliko zote. Lakini Balto, aliyeingia mjini mwisho, ndiye aliyesimamishiwa sanamu New York mwaka ule ule. Tangu 1973 mbio ndefu za mbwa hufanyika kila mwaka, na kwa kawaida huishia Nome.

"Na kwetu je?"

Nikamwonyesha maji. Tarehe 26 Aprili 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua kama mto Ruzizi watoka ziwani, pengine ukawa chanzo cha Nili. Burton alikuwa mgonjwa, hata kusema kulimshinda. Nani basi aliyewafikisha? Ni wapiga kafi, siku baada ya siku, mvua ikiwanyea. Na hapa Uvira ndipo wenyeji walipowaambia kwamba Ruzizi waingia ziwani. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley nao wakaletwa kwa mtumbwi hata mlangoni mwa mto, wakaona kwa macho yao. Kwenda na kurudi Ujiji kulichukua siku 28.

Jina la Balto, ambaye ni mbwa, watoto wa nchi nyingi walijua. Lakini wapiga kafi wale, ambao ni watu, wengi wao hata majina hayakuandikwa.

Mtoto akanyamaza. Kisha mtumbwi mmoja ulipogusa mchanga, akaingia majini kusaidia kuuvuta, akamwambia mzee aliyeshika kafi:

"Jambo, baba. Jina lako ni nani?"

Mzee akacheka, akamtajia.

Wasomaji wapendwa, nanyi mletewapo ndagala mezani, ulizeni ni nani aliyekesha.