Utamu wa Nyimbo za Mauti

Kwa nini nyimbo za mauaji hutuvutia? Swali hili limenishughulisha tangu nilipoufahamu muziki wa kabareti ya kutisha: muziki wa kumbi za burudani za usiku, ambamo mwimbaji aliyejipaka rangi usoni husimulia maovu huku akitabasamu.

Mfano ulioniteka zaidi ni wimbo wa Mackie Messer katika tamthilia ya Bertolt Brecht, Die Dreigroschenoper, iliyotiwa muziki na Kurt Weill na kuigizwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 31 Agosti 1928. Wimbo huo ni wa aina iitwayo moritat. Hapo zamani, waimbaji wa magulioni huko Ujerumani walisimulia visa vya mauaji huku wakionyesha kwa kijiti picha zilizochorwa. Weill aliuiga unyonge huo kwa makusudi. Lahani yake ni nyepesi, hujirudiarudia, na hata mtoto aweza kuiimba. Lakini maneno yake yanahesabu maiti, wakiwamo watoto saba walioteketea motoni. Muuaji mwenyewe ni mtanashati. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo ndipo penye siri ya mvuto wake. Sikio hufurahi kabla akili haijatanabahi. Akili inapotanabahi, msikilizaji hujikuta amekwisha kutikisa kichwa. Brecht hakutaka tuzame katika hisia, bali tujiulize mbona twaburudika. Si ajabu kwamba Wanazi walizipiga marufuku kazi hizi, naye Weill akaikimbia Ujerumani mwaka 1933. Hata hivyo, mbegu haikufa. Kundi la The Tiger Lillies, lililoundwa London mwaka 1989, lilikuja kuyaimba mauti kwa kodiani na sauti nyembamba ya juu.

Mwanafunzi mwenzangu, ambaye nduguye aliuawa na majambazi, aliusikia wimbo huu chumbani mwangu akaniomba niuzime. Niliuzima. Maiti wa jukwaani huinuka pazia likishuka. Wa nyumbani haamki. Lakini bado naamini kwamba wimbo huu haumcheki marehemu. Unamfichua yule anayemwona muuaji nadhifu akampigia makofi, na watu wa aina hiyo tunao hata kwetu.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza ujumbe wa wimbo ni upi. Wimbo huu hutugeuzia swali: wewe unayesikiliza, mbona mguu wako unafuata mdundo?