Msimu wa mikopo na kompyuta ya gigabaiti 4

Wenye steshenari tunaijua misimu yetu. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu yakifunguliwa, vijana hujaa hadi barazani na vyeti vyao vya kuskani, na hapo ndipo tunapopata ya kula na ya kodi ya fremu. Mwaka mmoja desktopu yangu ya mtumba, yenye Linux ya Ubuntu, ilianza kustaki msimu huohuo. Mshale unasuasua, taa ya diski haizimi, mteja anauliza tena kama imekubali. Mbaya zaidi, kivinjari kilikuwa kinajifunga chenyewe katikati ya fomu. Fundi mmoja alisema virusi, mwingine akasema nitupe mashine. Hela ya nyingine ningeitoa wapi?

Usiku, baada ya kufunga duka, nikafungua terminali nikaandika free -h. Memori yote gigabaiti 3.7; safu ya "free", megabaiti 118. Hiyo peke yake haitishi, kwa kuwa Linux huitumia memori iliyokaa bure kuhifadhi mafaili ya karibuni, na huiachia programu zikiihitaji. Ya kutazama ni "available", nayo ilisoma 230. Chini yake swapi, sehemu ya diski inayopokea kinachokosa nafasi kwenye memori: gigabaiti 2.0, zimeliwa 1.9. Nikaandika vmstat 1, nikauruka mstari wa kwanza, maana huo ni wastani tangu mashine iwashwe. Safu za si na so, kinachorudi kutoka swapi na kinachopelekwa huko, zilisoma maelfu kila sekunde. Diski ya kuzunguka itaiweza wapi kazi hiyo! Kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli (kiini cha mfumo), nikaukuta mstari wenyewe: Out of memory: Killed process, na jina la kivinjari. Virusi gani tena? Keneli ndiyo iliyokiua, ili mfumo mzima usizame.

Nikafungua top, nikabonyeza Shift na M: kurasa za wateja walioshaondoka ndizo zilizokaa juu. Tangu hapo mteja akilipa, kurasa zake zinafungwa. Wengi hushauri kushusha swappiness, kipimo cha jinsi mfumo unavyopenda kutumia swapi, kutoka 60 hadi 10. Nilijaribu, na kwa memori isiyotosha sikuona nafuu. Msimu ulipoisha nikanunua RAM nyingine ya mtumba, ya gigabaiti 4. Siku hizi swapi bado huonyesha megabaiti mia kadhaa zimetumika. Siziondoi, maadamu si na so zinasoma sifuri.