Bilauri ya Maji Kozhikode

Baadhi ya wasomaji wetu, na hasa akina mama, wameuliza kwa nini ukurasa huu ulinyamaza kwa miezi mitano. Tulikuwa India, katika mji wa Kozhikode, pwani ya Malabar, mji ambao vitabu vya zamani huuita Calicut. Hatukwenda kutembea. Mama watoto wetu alikuwa ameharibikiwa na figo zote mbili, na baada ya mwaka na zaidi wa kusafishwa damu kwa mashine hapa Mombasa, tulimpeleka akapandikizwe figo ya mdogo wake, shemeji yetu, ambaye alijitolea kabla hajaombwa. Waliotuchangia wanajijua, na Mwenyezi Mungu ndiye atakayewalipa.

Tulipanga vyumba viwili vya orofani katika mtaa wa Kuttichira, karibu na bwawa kubwa ambalo wazee hubarizi kandoni mwake jioni. Hatua chache kutoka hapo upo Msikiti wa Mishkal, uliojengwa katika karne ya 14 na nahodha tajiri mwenye asili ya Yemen. Hauna mnara. Ni jengo la mbao la orofa kadhaa, lenye mapaa ya vigae yaliyopandana, na ukiutazama kwa mbali huwezi kudhani kuwa ni msikiti. Wareno waliuchoma moto mwaka 1510, miaka mitano baada ya kuuchoma mji wetu wa Mombasa. Alfajiri ya kwanza imamu aliinua mikono akasoma kunuti, nasi tukashindwa kuyazuia machozi. Watu wa pale ni Mashafii kama sisi, ilhali tulikuwa tumejitayarisha kuwa wageni katika kila kitu.

Haya ya kunuti tungeliweza kuyajua tangu zamani lau tungelikuwa wasomaji makini. Kitabu cha Fathul Muin, ambacho tulikisoma ujanani na ambacho tumekisomesha kwa miaka mingi, kimetungwa na Sheikh Zainuddin al-Malibari, mwanachuoni wa pwani hiyo hiyo katika karne ya 16. Tumelitamka jina hilo la Malibari mbele ya wanafunzi mara zisizo na idadi, wala siku moja hatukujiuliza Malibari ni wapi, watu wake hula nini na mvua yao hunyesha lini.

Basi watu wake hula wali, samaki wa nazi, muhogo, na mkate mwembamba wa unga wa mchele uitwao pathiri. Nazi wanaikuna kwa chombo cha kukalia, ndugu wa mbuzi yetu. Jambo litakalowapendeza akina mama ni hili: katika zile nyumba kubwa za kale za Kuttichira, binti akiolewa haondoki kwao. Mume ndiye anayekuja, na nyumba ni ya mama, kisha ya mabinti zake. Mama watoto aliposikia hayo alitutazama akasema, «Na kwetu je? Si ndivyo ilivyokuwa, baba kumjengea binti yake nyumba? Nyinyi masheikh ndio mmesahau kuyataja.» Hatukuwa na jawabu.

Turudi kwenye maji, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Mgonjwa ambaye figo zake zimesita hawezi kuyatoa maji mwilini. Kila anachokunywa hubaki, kikajaa miguuni, kisha mapafuni, mpaka mashine imwondolee. Kwa hiyo tabibu alimwekea kipimo: nusu lita kwa siku nzima, ikihesabiwa ndani yake chai, mchuzi na maji ya kumezea dawa. Madafu yalikuwa marufuku kabisa, na ndizi pia, kwa sababu ya madini ya potasiamu ambayo figo mbovu haziwezi kuyachuja. Tulifika mwezi Machi, wakati wa joto kali, katika nchi iliyofunikwa na minazi, na kila njia panda palikuwa na muuza madafu.

Katika nyumba nyingi za Malabar watu hawanywi maji baridi. Huyachemsha kwa vipande vya mti, yakageuka rangi ya waridi, wakayanywa yangali vuguvugu. Mama mwenye nyumba, aliyekaa chini yetu, alituletea jagi la maji hayo asubuhi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Kila jioni alilikuta limepungua kidogo tu, akadhani tunayachukia. Mumewe, aliyefanya kazi Ghuba kwa miaka mingi na kujifunza Kiarabu cha sokoni, alipanda ngazi kutuuliza kwa adabu kama tumeona uchafu. Tulipomweleza, alinyamaza kitambo, akashuka. Tangu siku hiyo jagi halikuja tena, na watoto wa nyumba ile wakakatazwa kunywa maji ukumbini mama watoto akiwapo. Nao tulikuwa hatujuani hata mwezi.

Sisi wenyewe, tunakiri, hatukuwa na adabu hiyo. Usiku mmoja wa Aprili aliamka midomo imekauka, kipimo chake kimekwisha tangu magharibi, akaomba funda moja. Tukamkatalia kwa maneno ya tabibu, kisha tukasahau, tukajimiminia bilauri na kunywa papo hapo mbele yake. Akasema, «Maalim, hata wewe?» Hakusema zaidi. Kuanzia usiku ule tulikuwa tukienda kunywa ngazini, gizani, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani.

Muda ulirefuka kuliko tulivyotaraji. Sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza kuuziana viungo vya mwili, na mgeni hapati ruhusa mpaka kamati maalumu iridhike kuwa mtoaji hakulipwa wala hakushurutishwa. Sheria hiyo ni njema, tunaisifu, ijapokuwa ilitutesa. Katika vyeti vya kuzaliwa, jina la mama yao liliandikwa kwa herufi mbili tofauti, na barua za kusahihisha zikatuchukua wiki tano. Siku ya kamati tulitolewa nje, shemeji akaulizwa peke yake amepewa nini. Alituambia baadaye kwamba alijibu, «Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo,» na mkalimani akashindwa kuamua kama hayo ni malipo. Ama kwa upande wa dini, wanaouliza wajue kwamba Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Jedda mwaka 1988 iliruhusu mtu aliye hai kutoa kiungo kwa masharti, miongoni mwake asidhurike mtoaji na isiwe biashara.

Mwanzoni mwa Juni mvua za kusi zilifika. Enyi ndugu zetu, mvua ya Malabar haifanani na masika yetu. Hunyesha usiku kucha, vigae vikanguruma, mifereji ikajaa, bwawa la Kuttichira likapanda. Mama watoto alikaa dirishani na chupa yake ya nusu lita, akiitazama nchi nzima ikimwagikiwa na maji.

Kipo kisa cha Harun Rashid na bilauri ya maji, ambacho karibu kila mhadhiri wa kwetu hukisimulia. Mfalme aliulizwa angelitoa nini ili apate kunywa akiwa na kiu ya kufa, akasema nusu ya ufalme wake. Akaulizwa angelitoa nini maji yale yakikataa kutoka, akasema nusu iliyobaki. Tumekisimulia kisa hiki mimbarini pengine mara ishirini. Watu hutabasamu kwenye ile nusu ya pili, na sisi tulikuwa tukiwaachia watabasamu, kisha tukaendelea na jambo jingine.

Operesheni ilifanywa katikati ya Juni. Shemeji aliingizwa kwanza, dada yake baadaye, nasi tukabaki na tasbihi katika ukumbi uliojaa watu wa dini zote. Saa za alasiri tabibu alitoka, barakoa ikining'inia shingoni. Tulitaraji atuambie habari ya moyo, au ya damu. Alisema kwa Kiingereza kwamba figo imeanza kutoa mkojo hapo hapo mezani, kabla hawajamaliza kushona. Tulisujudu palepale sakafuni, sijda ya shukuru, kwa ajili ya mkojo. Hatuoni haya kuliandika neno hili, na akina mama waliouguza wanatuelewa.

Siku zile za mwanzo wauguzi walipima kila saa na kuandika kwenye karatasi iliyotundikwa kitandani. Siku ya kwanza zilipita lita sita. Shemeji alipozinduka, kabla hajauliza juu ya kidonda chake, aliuliza, «Dada ameshapata haja ndogo?» Muuguzi alipofasiriwa alicheka hata akalazimika kuegemea ukuta.

Sasa amri imegeuka. Yampasa anywe lita tatu kila siku, apende asipende, na dawa za kuilinda figo atazimeza maisha yake yote, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Hajapona kwa maana ya kurudi alivyokuwa. Hukaa mbali na mikusanyiko, na harusi mbili za jamaa zimempita. Hayo nayo tuyaseme.

Tulipotoka hospitali na kurudi Kuttichira, mama mwenye nyumba alikuwa amesimama chini ya ngazi na lile jagi. Alimmiminia bilauri ya maji ya waridi, akamshikia kwa mikono miwili, akamwita «ithatha», yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Mama watoto alikunywa yote bila kupumua, akaomba nyingine, akapewa. Yule mama alijifuta macho kwa upindo wa mtandio, akaenda jikoni kuchemsha mengine.

Usiku ule mvua ilinyesha sana. Karibu na saa tisa tulisikia mlango wa msalani ukifunguka, maji yakimwagika, kisha mlango ukafungwa. Alitoka kwa mguu wa kulia, akaisoma ile dua ya kutokea chooni ambayo alihifadhishwa chuoni akiwa na miaka sita, akaisoma polepole, neno baada ya neno. Tulijifanya tumelala. Alirudi kitandani akauliza kama tumekumbuka kuanua nguo.