Krismasi ya Uani, Marangu, kwa Shilingi 60,000

Ukitaka kumjua Mchaga, msubiri Desemba. Mwaka mzima atakuambia mambo magumu, hali mbaya, lakini ikigonga tarehe 20 utamkuta stendi ana mabegi matatu na godoro, anakwenda nyumbani. Mimi ni wa Muheza, Tanga, nimeolewa Marangu, na kwa miaka tisa ya ndoa nilishazoea safari hiyo. Ndiyo maana Desemba 2023 mume wangu aliponiambia, "Mwaka huu hatuendi," nilijua kuna jambo.

Jambo lenyewe nililijua, nilikuwa najifanya tu sijui. Kazi yake ilisimama mwezi wa tano. Halafu kulikuwa na ile ya Krismasi ya 2021, pale pale uani kwao, aliporushiana maneno na kaka yake mkubwa kuhusu hela za kubadilisha mabati ya nyumba ya Mama. Shemeji ana uwezo wake, akasema atalipa yote yaishe. Mume wangu akamjibu mbele za watu kwamba familia hainunuliwi. Shemeji akawasha gari akaondoka, hata supu hajaonja. Mwaka 2022 hatukwenda. Salamu zao zikawa zinapitia kwa Mama kwenye simu.

Aliyenifanya nifungashe ni huyo huyo mama mkwe. Alinipigia mimi, hakumpigia mwanawe. "Mama, mwaka huu uani nawaachia ninyi mpambe. Kila mwaka kaka yenu analeta watu wa mjini na mahema yao. Mimi nimechoka na mahema." Akakata simu. Hebu niambie msomaji wangu, ungekataa?

Bajeti ya mkoba mwembamba

Nauli zikishatoka, mapambo yalibakiwa na shilingi 60,000. Nikaingia Kariakoo na kikaratasi changu mkononi. Taa za kumetameta, nyuzi mbili kwa 8,000 kila moja. Mishumaa dazeni mbili, 6,000. Utepe mwekundu bunda zima, 5,000. Puto, 3,000. Kamba ya katani, 2,000. Kitenge cha kijani na nyekundu cha kutandika mezani, 20,000, na hapa nilikuwa na hila yangu: kitenge kikishatumika mezani kinakuwa zawadi ya Mama, anashona gauni. Jumla ikawa 52,000. Chokaa nikaamua nitanunua huko huko.

Mti wa plastiki niliuona, bei yake ikanifanya nicheke peke yangu dukani. Nikauacha.

Tuliondoka stendi ya Mbezi Ijumaa, tarehe 22, saa 12 asubuhi, watoto wawili mapajani. Barabara ya kaskazini mwezi wa Desemba ni sherehe yenyewe. Kila basi limejaa, kila gari dogo lina mzigo juu. Chalinze unanunua korosho, Korogwe machungwa, Mombo unashuka kunyoosha miguu, halafu milima ya Usambara inakusindikiza mkono wa kulia, ikiishia inaanza ya Upare. Mume wangu alinyamaza njia nzima. Tulipofika Same akaniuliza, "Kaka amesema anakuja lini?" Nikamwambia Jumapili. Akageukia dirishani.

Ukitoka Dar hufiki Moshi mjini kama unakwenda Marangu. Unashukia Himo, unadandia gari dogo linalopanda mlima hadi Marangu Mtoni, halafu bodaboda. Himo jasho linakutoka. Dakika chache baadaye unatafuta sweta. Chokaa nilinunua Mtoni, mfuko mmoja 5,000. Zikabaki 3,000, bodaboda akazimeza.

Uani kwa Mchaga

Kwa asiyejua, uani huku si kale kaua kenye kamba ya nguo na ndoo tatu. Ukitoka mlango wa jikoni umeshaingia kihambani. Juu kuna miparachichi na miti mingine mirefu, katikati migomba, chini yake mibuni, na chini kabisa magimbi na mboga. Pembeni pana mfongo, mfereji wa maji ambao wazee walichimba kuyaleta maji kutoka juu mlimani. Kuna banda la ng'ombe, kuna mafiga ya kupikia mbege. Na hatua chache kutoka mlangoni, katikati ya migomba, kuna kaburi la baba mkwe, kwa sababu Wachaga huzikana nyumbani.

Mvua za El Niño zilikuwa zimeitandika nchi tangu Oktoba, kwa hiyo uani palikuwa tope na majani. Jumamosi asubuhi nikaamka na fagio. Hapa nakupa siri ya kwanza ya bure: kabla hujanunua pambo, fagia. Tulifagia, tukapalilia, tukakata majani makavu ya migomba yanayoning'inia kama matambara. Watoto wakakusanya mawe, tukayapaka chokaa, tukayapanga pande zote mbili za njia kutoka jikoni hadi kaburini na kurudi. Saa nne tu uani pameshabadilika, na hatujafungua hata mfuko wa Kariakoo.

Siri ya pili ni kutumia kilichopo. Kwetu Muheza tungekata makuti ya mnazi. Huku mnazi hakuna, ila mgomba uliokwisha kuzaa unakatwa tu. Mume wangu akakata minne, akaisimika miwili miwili pande za njia, tukaikunja majani yake juu ikawa lango. Mti wa Krismasi tuliupata hapo hapo, mbuni mmoja mfupi karibu na mlango, una punje chache nyekundu zilizosahaulika wakati wa kuvuna. Tukauzungushia uzi mmoja wa taa na vipande vya utepe. Nakwambia, ule wa plastiki haufiki hata robo.

Chupa za jemu na za asali Mama anazo kabati zima, hatupi kitu. Tukazitia mchanga, mshumaa katikati, tukazifunga kamba ya katani shingoni na kuzitundika kwenye matawi ya mparachichi yasiyo na majani karibu, moto usije ukafanya mambo yake.

Majani ya mezani

Sasa meza ilikuwa tupu katikati. Nikaona pembeni ya kihamba majani mazuri, marefu, ya kijani kibichi, yamepandwa mstari. Nikakata fungu zima, nikatia kwenye chungu juu ya kitenge. Nikarudi nyuma kuangalia. Yamependeza kweli kweli.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama.

"Mama, haya nani kayaweka hapa?"

"Mimi, Mama."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Haya ni masale, mwanangu. Ukiyaweka mezani watu watakula wanatazamana, kila mtu anajiuliza nani amemkosea nani."

Nilishawahi kuyasikia masale, lakini sikujua kuwa ndiyo hayo. Mama akanieleza taratibu. Ndiyo mpaka wa kihamba na kihamba. Ndiyo yaliyozunguka kaburi la Mzee. Na mtu aliyemkosea mwenzake akimwendea na sale mkononi, anaomba msamaha, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa, hata kosa liwe kubwa namna gani. "Siyo ua hilo," akasema. "Ni neno."

Nikayatoa haraka, nikayatia kwenye ndoo ya maji nyuma ya banda, mezani nikaweka puto na maparachichi. Mume wangu alikuwa juu ya ngazi anafunga taa. Alisikia yote. Hakusema kitu.

Giza la mkesha

Jumapili jioni, tarehe 24, wageni wameanza kujaa, mbege imeiva, mtori uko jikoni, nikawasha taa. Watoto wakapiga makofi. Dakika kumi hazikufika, umeme ukakatika. Ule ulikuwa mwaka wa mgao, mtakumbuka. Nilitaka kulia. Nyuzi mbili za taa, 16,000 yangu, gizani!

Mume wangu akachukua kiberiti na kuanza kuwasha chupa moja moja. Ishirini na nne. Ilipowaka ya mwisho, mawe ya chokaa yaling'aa, lango la migomba likatoa kivuli ukutani, na kila mtu akashusha sauti bila kuambiwa. Hata wifi yangu, ambaye hasifii kitu, alisema, "Hapa pamekuwa pazuri."

Ndipo tukasikia gari. Shemeji alisimama upande wa mbele, akazima injini, lakini hakushuka. Tuliona taa ya ndani imewaka, amekaa tu. Mama akanitazama. Nami nikamtafuta mume wangu, sikumwona.

Alitokea nyuma ya banda, mikono inachuruzika maji, ameshika sale moja kwa mikono miwili. Akapita kwenye njia ya mawe, akapita mbele ya watu wote waliokuwepo siku ile ya 2021, akazunguka nyumba. Sikumfuata. Mambo mengine mke unabaki pale pale ulipo.

Waliyoongea sijui, na mpaka leo sijauliza. Nilichosikia ni mlango wa gari kufunguliwa, kimya kirefu, halafu sauti ya Shemeji: "Sawa. Njoo basi unisaidie kumshusha mbuzi, kananitoa jasho tangu Moshi."

Mama akarudi jikoni akijifuta macho kwa ncha ya kanga, anadai ni moshi.

Baada ya sikukuu

Krismasi yenyewe ilikuwa Jumatatu. Tulikwenda kanisani, tukarudi, tukala nyama na machalari mpaka tukashindwa kuinuka. Umeme ulirudi saa kumi jioni, hakuna aliyejali. Habari ya mabati ilizungumzwa tena, safari hii wakiwa wamekaa benchi moja. Shemeji atanunua, mume wangu atasimamia mafundi na kupanda juu mwenyewe. Wakapeana mikono.

Tarehe 26 tukapambua. Na hapa kuna siri yangu ya tatu. Lango la migomba tulilikatakata, wakapewa ng'ombe, wakalila lote. Kitenge akachukua Mama. Chupa zikarudi kabatini. Taa na utepe nikavifunga kwenye mfuko kwa mwaka unaofuata. Ukipamba hivi, huachi taka wala deni.

Kwa hiyo, shosti, kama una kauwanja nyuma ya nyumba na mkoba umekonda, usikope. Anza na fagio, angalia nini kimeota hapo, nunua mishumaa, na uliza wenyeji kabla hujakata majani.

Ile sale Shemeji hakuitupa. Lilikuwa tawi zima, lina kishina chake, na kabla hajaondoka alilichomeka kwenye udongo miguuni pa kaburi la baba yao. Mwezi wa pili nilipompigia Mama kumwuliza gauni limefikia wapi, akanijibu kuhusu gauni, kuhusu mvua, kuhusu ng'ombe, na mwisho kabisa kabla hajakata akasema, "Na lile tawi limeshika."