Jina Ambalo Mama Halitamki

Mama yangu hajawahi kuniita kwa jina langu. Naitwa Juma, jina la babu yangu mzaa baba, na kwetu Muheza nimelelewa nikijua kwamba mke hatamki jina la baba mkwe wake. Tangu nikiwa kichanga mama ameniita Baba. Hata akinigombeza: "Baba, mbona husikii?" Babu naye aliniita wajina. Jina lenyewe nilikuja kulizoea shuleni.

Na shuleni nililisikia hadi nikalichoka. Darasani tulikuwa akina Juma watatu, ukiacha yule wa kitabuni. Juma anacheza mpira. Juma anakula ugali. Sasa nasoma shahada ya uzamili katika isimu ya Kiswahili, na Juma bado yuko ubaoni: Juma alimpiga Asha, Asha alipigwa na Juma. Wenzangu hugeuka kunitazama wakicheka. Ni jina la mtu yeyote, anayeitwa sentensi inapokosa mtu.

Ukiliuliza jina hili limetoka wapi, litakupeleka kwenye kalenda. Juma ni mtoto wa Ijumaa, kama Hamisi alivyo wa Alhamisi. Dada zao ni Mwanajuma na Mwanahamisi. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kukusanya, na huko ndiko yalikotoka pia jamii na jumuiya. Ijumaa ni siku ya watu kukusanyika kuswali.

Juma pia ni wiki nzima. Waswahili huanza kuhesabu siku Ijumaa ikishapita: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hapo hesabu yetu inakatika na kuingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni siku ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Wiki yetu basi ina siku mbili za tano, kisha inarudi kwa Ijumaa ilikoanzia.

Jina halikubaki msikitini. Calestous Juma, msomi wa sayansi na maendeleo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard hadi alipofariki mwaka 2017, alizaliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1953, na jina lake la kwanza ni la Kikristo. Huku kwetu, kizazi changu kimekua kikiimba nyimbo za Juma Nature.

Mimi mwenyewe sikuzaliwa Ijumaa. Nilitafuta tarehe yangu kwenye kalenda ya simu nikakuta ni Jumanne. Aliyezaliwa Ijumaa ni babu, wakati watu wanatoka msikitini, kama alivyosimuliwa na mama yake. Ijumaa niliyonayo ni ya kwake.

Nilipomaliza kidato cha sita nilihitaji cheti cha kuzaliwa. Mama alinisindikiza. Karani akamuuliza jina la mtoto. Mama akanyamaza. Karani akarudia, mama akatazama chini.

"Mama, huyu ni mwanao kweli?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Nilitaka kujibu, karani akanizuia kwa mkono. Ndipo mama akaomba kalamu, akageuza kadi yangu ya kliniki, akaandika nyuma yake polepole, herufi moja moja: J, U, M, A.

Niliona aibu kwa niaba yake, au ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilijionea aibu mimi. Kwenye basi sikumsemesha mpaka tulipokaribia nyumbani.

"Babu hakuwepo pale," nikasema. "Angekusikia nani?"

"Ningejisikia mwenyewe, Baba."

Babu alifariki mwaka jana. Nilidhani mwiko ungezikwa naye, lakini matanga yalipokwisha mama aliniita vilevile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena wa kuniita wajina. Siku hizi profesa anapoandika Juma ubaoni sioni tena mtu yeyote. Namwona mzee mmoja mwenye kanzu iliyopauka, na mama akimtengea maji ya kutawadha bila kumwita jina kwa zaidi ya miaka thelathini.

Dada yangu anatarajia kujifungua. Mumewe anataka mtoto akiwa wa kiume aitwe Rayan, jina la kisasa. Juma, anasema, ni jina la kizee. Dada ameshikilia Juma, nami kwa mara ya kwanza nimeona kuna kitu cha kupigania katika jina hili. Ijumaa iliyopita nilimpigia mama kumuuliza anaonaje.

Alikaa kimya kidogo, kama siku ile mbele ya karani. Kisha akacheka.

"Wakimpa hilo, basi nitakuwa na akina baba wawili," akasema. "Wewe umeshakula, Baba?"